Baba mkwe kaniachia meza ya shotgani zake: nizing'arishe kabla ya maonyesho?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mzee. Naishi Oklahoma, nimeoa huku. Baba mkwe wangu amekusanya shotgani za zamani tangu mke wangu hajazaliwa, na kila mwaka huchukua meza kwenye maonyesho ya bunduki Tulsa. Hauzi, anaonyesha tu. Safari hii kafanyiwa upasuaji wa goti, kaniomba nimpangie meza. Zipo saba: moja ya Kibelgiji yenye nyundo za nje, haina jina, Parker GH, Parker VH, L.C. Smith, Fox Sterlingworth, Winchester ya 1897, na Browning Auto-5. Baadhi zimekuwa za kahawia kama zimeshika kutu, na chuma cha katikati kimepauka. Nimepata fundi wa kuzing'arisha zote zirudi kama mpya, nilitaka nimshtukize mzee. Mke wangu kasema niulize kwanza. Nizipeleke? Nizipange vipi? Na kusema kweli, sielewi mtu analipia meza ya nini kama hauzi kitu."

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Usizipeleke. Mpigie huyo fundi leo, mwambie umeghairi, halafu umshukuru mke wako, maana amekuepusha na zawadi ambayo baba yake angeipokea kwa tabasamu mbele yako na usiku asipate usingizi.

Nianze na hicho unachokiita kutu. Mitutu ya hiyo Parker GH, kama ni ya kahawia na ina michoro ya kujikunjakunja, ni mitutu ya damaski. Mtutu wa namna hiyo haukutobolewa kutoka kwenye nondo. Mafundi wa zamani, wengi wao wa Liège na vijiji vyake huko Ubelgiji, walipanga vipande vyembamba vya chuma laini na chuma cha pua kimoja juu ya kingine, wakaviunganisha motoni, wakavinyonga kama mtu anayesokota kamba. Kamba hizo za chuma wakazizungusha kwenye fimbo, kama unavyofunga utepe kwenye mpini wa jembe, huku wakizigonga zikiwa nyekundu mpaka kingo zikashikana na kuwa bomba moja. Parker, waliokuwa na kiwanda Meriden, Connecticut, waliagiza mitutu mingi ya aina hiyo kutoka Ubelgiji.

Mtutu ukishasuguliwa hapo kiwandani ulikuwa mweupe kama kijiko, mchoro hauonekani. Ili uonekane, fundi aliupaka dawa yenye chumvi na tindikali, akauacha kwenye unyevu ushike kutu, akaipiga kutu hiyo brashi, akapaka tena, siku baada ya siku. Chuma laini na chuma cha pua havishiki rangi sawasawa, ndipo mchoro ukajitokeza. Kwa hiyo macho yako hayakukudanganya, ile ni kutu kweli. Ila ni kutu iliyopandwa, ikapaliliwa, na mtu akalipwa mshahara kwa kuikuza. Gurudumu la kung'arishia litaifuta kwa dakika mbili, na utabaki na bomba la kijivu.

Kesho asubuhi ipeleke mitutu hiyo dirishani, mwanga uje kutoka ubavuni, uizungushe polepole. Utaona vijiduara vimepangana safu kwa safu kama ukili wa mkeka uliosukwa na mtu asiye na haraka. Kisha fanya vivyo hivyo kwa ile ya Kibelgiji isiyo na jina, lakini uondoe kwanza ubao wa mbele uangalie chini yake. Bunduki za bei rahisi wakati mwingine zilichorwa mchoro wa damaski juu ya chuma cha kawaida, na mchoraji hakujisumbua na sehemu ambayo mnunuzi asingeiona. Mchoro ukikatika pale ubao unapoanzia, umeshajua.

Sasa hicho chuma cha katikati kilichopauka. Hicho ni fremu. Ikishachongwa na kutiwa nakshi, ilipangwa kwenye sanduku la chuma pamoja na mkaa wa mifupa na mkaa wa miti, ikachomwa kwa saa nyingi, kisha ikamwagwa ghafla kwenye maji. Shabaha ilikuwa kuingiza kaboni kwenye ngozi ya chuma ili ngozi iwe ngumu na ndani pabaki laini, bunduki isichakae wala isivunjike. Rangi zile za buluu, zambarau, kahawia na manjano ya nyasi kavu, kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi la mvua, zilikuja kama nyongeza, watu wakazipenda. Ni tabaka jembamba mno. Kiganja cha mwindaji kinalila, jua nalo linalila. Ndiyo maana zikipauka hubaki kwenye vikona tu: nyuma ya kifyatuo, kuzunguka vichwa vya skrubu, pale mkono usipofika. Mkusanyaji anayejua kazi ataiinua bunduki na kwenda moja kwa moja kwenye vikona hivyo kutafuta mabaki ya rangi. Akikuta fremu nzima inameta kuanzia mwanzo hadi mwisho ilhali kitako kimekwaruzika miaka mia, anairudisha mezani taratibu, anakusifia kitambaa cha meza, anaondoka.

Tena gurudumu haliondoi rangi peke yake, linaondoa chuma. Kingo kali zinakuwa za mviringo, matundu ya skrubu yanabonyea kama visahani, maandishi ya kiwanda yanafifia upande mmoja, na ule mbwa wa nakshi aliyekuwa na manyoya anabaki na umbo la kiazi. Hakuna wa kurudisha chuma kilichokwisha kuliwa.

Unachoruhusiwa ni kidogo. Tia tone la mafuta mepesi ya bunduki kwenye kitambaa cheupe cha pamba, ufute. Kitambaa kikitoka na rangi ya chungwa, hiyo ni kutu hai: acha mafuta yalale hapo usiku kucha, asubuhi futa, rudia. Kikitoka na uchafu mweusi au bila kitu, mwachie Mungu na miaka. Msasa, sufi ya chuma, dawa ya chupa ya kutia weusi, vyote viache dukani. Kwa mbao hali kadhalika, futa vumbi, basi. Ukiona kitako kimekuwa cheusi pale kinapokutana na chuma, ni mafuta ya miaka mingi yaliyoteremka kutoka kwenye mtambo bunduki ikiwa imesimamishwa kabatini mdomo juu. Mafuta hulainisha mbao ikawa kama sifongo. Mwambie mzee, kwa adabu, kwamba mafundi wa zamani walizihifadhi mdomo chini. Huenda anajua, magoti tu ndiyo yamekataa kuinama.

Kuhusu kulipia meza bila kuuza. Ukumbi wa Tulsa una zaidi ya meza 4,000 chini ya paa moja, na nyingi ni za biashara. Katikati ya kelele hizo, meza yenye kibao "haiuzwi" ni chambo. Mtu ambaye bunduki ya babu yake imelala kabatini miaka arobaini hatamweleza muuzaji habari zake, maana muuzaji ataanza kupiga hesabu. Atamweleza mtu ambaye hana cha kumuuzia. Anasimama, anatazama ile L.C. Smith, anasema, "Nyumbani tunayo inayofanana na hii, ila bamba lake lina ndege." Mkusanyaji masikio yanasimama. Hivyo ndivyo bunduki zilizopotea zinavyopatikana, ndivyo wanavyojifunza kwamba kiwanda fulani kiliwahi kutoa kitu ambacho hakimo kwenye katalogi yoyote, na ndivyo urafiki wa miaka thelathini unavyoanza. Vipo pia vikundi vya wakusanyaji wa Parker, wa L.C. Smith na wa Fox, na yapo maonyesho yanayotoa tuzo kwa meza iliyopangwa vizuri. Lakini tuzo ni chumvi, mboga yenyewe ni hayo mazungumzo.

Na mazungumzo yanataka mada. Ndiyo sababu sikushauri uzitandaze zote saba bega kwa bega. Bunduki saba bila mpango ni duka lisilo na bei. Chagua jambo moja ambalo mpita njia atalielewa kabla hajamaliza hatua tatu. Kwa hizo ulizonitajia, mimi ningechukua hadithi ya nyundo iliyopotea, na ningetumia tano tu.

Iko hivi. Anza na ile ya Kibelgiji, yenye nyundo mbili nje kama masikio ya sungura. Mpigaji alilazimika kuzivuta kwa kidole gumba, moja moja. Mwaka 1875 mafundi wawili wa Westley Richards huko Birmingham, Anson na Deeley, walipata hataza ya mtambo ambao mitutu yenyewe, ikikunjwa kwenda chini ili kutiwa risasi, ndiyo inayokoki nyundo zilizofichwa ndani. Wazo hilo lilivuka bahari, kila kiwanda cha Marekani kikalitafutia njia yake. Hapo weka Parker GH, ambayo mgongo wake ni laini, haina masikio. Kisha Fox, iliyotokea Philadelphia mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo nyundo na pini ya kupigia fataki ni kipande kimoja. Halafu mshtue mtazamaji: Winchester ya 1897, kazi ya John Browning, yenye mtutu mmoja na ubao wa kuvuta mbele na nyuma, na nyundo imerudi nje! Bunduki hii iliendelea kutengenezwa hadi 1957 ikiwa na nyundo yake hiyo hiyo, ingawa Winchester wenyewe walishaificha kwenye Modeli 12 tangu 1912. Watu waliipenda kwa sababu ukiitazama unajua mara moja kama imekokiwa. Mwisho kabisa Auto-5, ambayo haina nyundo ya kuonekana wala ubao wa kuvuta. Ikipigwa, mtutu mzima unarudi nyuma, unatoa ganda na kuingiza risasi nyingine.

Hiyo Auto-5 ina kisa chake ambacho usikiache. Browning aliipeleka kwa Winchester, wateja wake wa miaka mingi, akitaka alipwe sehemu ya kila bunduki itakayouzwa. Walizoea kumlipa kwa mkupuo, wakakataa. Akaenda kwa Remington, na Januari 1902, akiwa anasubiri kuonana na mkuu wao Marcellus Hartley, mzee huyo akafariki siku hiyo hiyo. Browning akapanda meli mpaka Ubelgiji, kwenye kiwanda cha FN pale Herstal, nje kidogo ya Liège, na huko ndiko Auto-5 ilikozaliwa. Umeona? Bunduki ya kwanza mezani kwako na ya mwisho zimetoka bonde moja. Huhitaji kuongeza neno, ziweke tu kwenye ncha mbili za meza na ramani ndogo katikati.

Hiyo isiyo na jina usiidharau hata kidogo. Ikunjue, utazame chini ya mitutu. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, kwamba mtutu ulipigwa kwa baruti ya kuzidi ukastahimili. Bunduki za namna hiyo ziliingia Marekani kwa maelfu na kuuzwa kwenye maduka ya vifaa vya shamba, nyingine zikiwa na majina ya kuchezea macho, kama "W. Richards", ili mkulima adhani kanunua Westley Richards. Parker za daraja la juu zilinunuliwa na wenye nazo. Ile ya Kibelgiji ndiyo iliyofukuza kunguru kwenye mahindi. Katika meza nyingi nilizosimama, bunduki ya bei rahisi yenye kadi nzuri ya maelezo imekusanya watu kuliko yenye dhahabu.

Parker VH na L.C. Smith nazo zina kazi. VH ibaki ndani ya sanduku chini ya meza, ili mtu akiuliza tofauti ya VH na GH umwonyeshe: VH ni daraja la chini lenye mitutu ya chuma walichokiita Vulcan, nakshi haba. L.C. Smith, iliyotengenezwa Fulton, New York, usiiache ndani kama mzee atakubali ionekane ikiwa imefunguliwa, maana mtambo wake umebebwa na bamba la ubavuni, tofauti na Parker na Fox. Bamba likitolewa na kulazwa kando, mtoto wa miaka kumi anaona springi, nyundo na kikatizo, kile kinachoizuia nyundo mpaka kifyatuo kivutwe, vinavyoshikana. Kulifungua ni kazi ya mzee mwenyewe. Skrubu zile huchunwa na bisibisi isiyo yake, na skrubu iliyochunwa inaonekana kutoka meza ya pili. Ukiwa hapo, angalia mbao nyuma ya bamba. L.C. Smith nyingi zina ufa mwembamba kama unywele hapo.

Ufa huo uandike kwenye kadi. Nisikilize kwenye hili la kadi, kwa sababu ndilo linalotenganisha meza na meza. Maneno thelathini au arobaini yanatosha, herufi kubwa, maana wasomaji wako wengi wana macho ya umri wangu. Sema ni nini, ya wapi, ya mwaka gani, kimebadilika nini, na kitu kimoja cha kukitazama. Kwa mfano: "Parker GH, geji 12, Meriden. Mitutu ya damaski, rangi yake ya kiwandani. Mpira wa kitako uliongezwa baadaye. Tazama nyuma ya kifyatuo: rangi ya buluu ya siku ya kwanza bado ipo." Umeukiri mpira, na sasa mtu anayeamini habari za mpira ataamini na habari za rangi. Sijawahi kuona kadi inayokiri kasoro ikamwaibisha mwenye meza. Zilizoficha, ndiyo.

Mwaka usiubahatishe. Parker walipiga nambari ya mfululizo kwenye fremu, kwenye mitutu na kwenye chuma cha ubao wa mbele, na zote zinapaswa kufanana. Zikigombana, bunduki mbili zimeoana mahali fulani njiani. Kwenye jino la chini ya mitutu kuna tarakimu ndogo peke yake, hiyo ni saizi ya fremu, usiichanganye na geji, ambayo ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu. Vitabu vingi vya maagizo vya Parker vilinusurika baada ya Remington kukinunua kiwanda mwaka 1934, na chama cha wakusanyaji wa Parker hutoa barua, kwa malipo, inayoeleza bunduki iliagizwa lini na ikiwa na urefu gani wa mtutu. Kwa L.C. Smith, waandikie makumbusho ya bunduki ya Cody, Wyoming. Agiza barua mapema na uiweke mezani nakala, si ile halisi, kwani taa za ukumbi hula wino.

Ukitaka kujua karatasi ina nguvu kiasi gani, fikiria shotgani iliyoshuka bandarini kwetu Mombasa Aprili 1909. Theodore Roosevelt alikuwa ametoka tu madarakani, akaja Afrika Mashariki kuwinda kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na kwenye mizigo yake kulikuwa na Fox ya geji 12 aliyopewa na Ansley Fox mwenyewe. Mwaka 2010 ilipigwa mnada Marekani kwa dola 862,500. Chuma na mbao ni vile vile vya Fox nyingine za daraja lake, kilichopanda bei ni kwamba mwenyewe na safari yenyewe vilithibitika kwa maandishi. Sterlingworth ya mzee ndiyo mdogo wake wa mbali, daraja la mtu wa kawaida, na hilo ni sentensi nzuri kwenye kadi.

Upangaji wenyewe hauna ushirikina. Kitambaa cha pamba cheusi au kijani iliyokoza, kilichofuliwa bila dawa ya kulainisha. Vibao vya kushikilia viwe vimevikwa, vishike bunduki sehemu mbili, mitutu yote itazame upande mmoja usio na watu. Ile ya damaski iinamishe kidogo kuelekea kwenye taa. Chini ya mitutu ya Kibelgiji laza kioo kidogo cha kunyolea, ili alama ya ELG isomeke bila mtu kuigusa. Waya mwembamba wa chuma upite ndani ya walinzi wa vifyatuo vyote na ufungwe kwenye mguu wa meza, kwa sababu wezi wa maonyesho hufanya kazi wawili wawili: mmoja anauliza maswali mazuri sana.

Jasho. Niliwahi kuonyesha bunduki moja siku ya joto, nikaipakia jioni bila kuifuta kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Baada ya wiki tatu nilipofungua sanduku, dole gumba langu lilikuwa juu ya fremu, na mistari yake yote, limechorwa kwa kutu. Nilifuta kwa mafuta, kutu ikatoka, dole halikutoka. Lipo mpaka leo, na mwenye bunduki kila akinipigia huniuliza hali ya "sahihi yangu". Vaa glavu za mpira mwembamba. Za pamba huteleza kwenye kitako kilichong'arishwa na mikono ya wazee. Kila akiondoka aliyeshika, pitisha kitambaa chenye mafuta. Kabla ya siku yenyewe unaweza kupaka vyuma nta laini ya makumbusho, tabaka jembamba. Na asubuhi, kama kuna baridi, usifungue masanduku mara ukiingia ukumbini. Chuma baridi kwenye hewa ya joto hutoa jasho kama chupa ya soda. Acha vizoee kwanza.

Mgeni aombe kabla ya kushika, wewe ufungue bunduki mbele yake, mwone wote wawili kwamba haina kitu, ndipo umpe. Mlangoni watakagua na kufunga utepe wa plastiki kwenye mtambo. Usiukate kumridhisha mtu yeyote. Asibofye kifyatuo kwenye chemba tupu, yaani pale ganda linapokaa, na akifunga afunge taratibu huku wenzo wa juu, ule wa kufungulia mitutu, ameushikilia kwa gumba, si kuibamiza kama mlango wa basi. Risasi zisiwepo mezani wala mfukoni. Na akitokea wa kuuliza kama hiyo ya damaski inapigika, jibu ni hapana mpaka fundi bunduki apime unene wa kuta za mitutu na urefu wa chemba. Chemba nyingi za zamani ni fupi kuliko maganda ya leo, na ganda la leo likijifungua humo linabana njia, shinikizo linapanda.

Sheria nayo, kwa sababu wewe ni mgeni huku kama nilivyokuwa mimi. Kama una kadi ya kijani au uraia, sheria ya shirikisho haikuzuii kushika bunduki kwa sababu ya asili yako. Kama bado uko kwenye viza ya muda, kwa kawaida inakukataza kumiliki au kuwa na bunduki, isipokuwa kwa hali chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, na wengi wameingia matatani wakidhani kumsaidia mkwe si kosa. Zungumza na mwanasheria kabla hujagusa sanduku. Bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabiwa kuwa ya kale chini ya sheria ya bunduki ya 1968 na haina masharti hayo ya shirikisho, lakini Fox na Auto-5 hazimo kabisa kwenye kundi hilo, na za Parker zitategemea nambari zake. Pima pia mitutu yote: shotgani yenye mtutu chini ya inchi 18 inaangukia sheria kali ya bunduki ya 1934, na si jambo la kugundulia mlangoni. Mitutu miwili iliyokatwa utaitambua kwa mdomo: ya kiwandani hukutana ikagusana, iliyokatwa ina pengo katikati.

Akija mtu na bahasha ya noti, kibao kinasema haiuzwi na wewe si mwenyewe. Chukua jina na namba, mpe mzee.

Mzee mwenyewe usimwache nyumbani. Goti lililopasuliwa halimzuii kukaa. Chukua kiti chenye mgongo na mto, na kigoda cha kuinulia mguu, uviweke nyuma ya meza upande wa ile ya Kibelgiji, kwa maana hapo ndipo watasimama wengi. Simu yako irekodi anapoeleza alipoipata kila moja, kwa nani, alilipa nini. Siku hiyo hiyo jioni, kabla hujasahau, andika aliyoyasema kwenye karatasi moja kwa kila bunduki, aitie sahihi, uikunje uiweke ndani ya sanduku lake.